Maji ya Kisima kwa Betri za Joab

Baya aliyaonja yale maji ya kisima, akatema, akaridhika. Yalikuwa na chumvi ya kutosha.

Akafungua vizibo vya betri mbili za Joab, na kila tundu akalijaza maji hayo badala ya maji ya betri. Fundi yeyote wa Makadara anajua kwamba chumvi huzila sahani za ndani, betri isishike tena chaji. Kwa hesabu ya Baya hizi zingejikongoja asubuhi, zife alasiri. Miaka kumi na miwili alikuwa akifufua betri za watu, na leo ndiyo mara ya kwanza kuua.

Mwezi uliopita Joab alisimama hapo hapo mbele ya karakana, akapiga kelele kwamba Baya amemwibia betri zilizokuja na van yake kutoka Japani, akamwekea kuukuu. Watu walijaa. Baadaye ikabainika betri ni zile zile. Joab akarudi na van yake betri zitazamwe, kama mtu asiyekumbuka kitu, na neno la samahani halikumtoka. Wateja lakini hawakurudi, na jina la mwizi likabaki kwa Baya. Sasa alitaka Joab naye aaibike mbele za watu, na aaibike vizuri.

Mahali alikwishapachagua. Kila siku Joab hupakia vinyago mtaani Ndia Kuu, huvuka kwa feri hadi Likoni kuvipeleka kwenye mahoteli, na hurudi alasiri. Kwenye feri kila gari huzimwa. Tena ile van ni otomatiki. Betri ikifa, hata wasukume watu mia haiwaki.

Asubuhi yake Joab alikuja kuichukua van.

"Ziko sawa, fundi?"

"Sawasawa, bwana Joab."

"Na nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mbodze yuko Likoni kwa mamake, amekwenda kujifungulia huko. Mimba ya kwanza, ndiyo desturi yetu."

"Basi nikipita nitawajulia hali."

Baya alitabasamu. Mnafiki mkubwa, alisema moyoni.

Alasiri alifunga karakana mapema, akaenda kusimama kivukoni, upande wa kisiwani. Feri ikatia gati. Mbele kabisa, mbele ya magari yote, ilikuwa van nyeupe ya Joab. Mungu ampe nini tena?

Lango likateremshwa. Stata ikakoroma mara moja, ikanyamaza. Joab akajaribu tena, kimya. Honi zikaanza nyuma. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani akamtukania mamake, na abiria wa miguu waliokuwa wakishuka wakacheka. Hakuna gari lililoweza kumpita.

Joab aliruka chini, shati limemganda kwa jasho, akawa anamshika huyu na yule akiomba msaada, hata sauti imemkauka. Watu walimpita. Baya aliona raha ambayo hakuwa ameionja mwezi mzima, moyo wake ukapoa kabisa. Lakini kutazama kwa mbali hakukumtosha. Alijipenyeza katikati ya watu mpaka mbele, ili Joab amwone anavyocheka.

Joab alimwona. Akamkimbilia, akamshika mikono yote miwili.

"Baya, afadhali wakwe zako wamekupata kwa simu," alisema. "Njoo tumshushe mkeo, damu haikatiki."