Haijawahi Kuguswa na Fundi

Thomas aliitupa bunduki yake chini, akaiburuza kwa mguu kwenye vumbi la uwanja wa shabaha, Zuzu, kisha akaiokota na kuikung'uta. "Haya! Na hiyo ya kwenu ifanyeni hivyo tuone!"

Optatus aliikumbatia bunduki mpya, yenye darubini juu, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. "Mzee, hii si jembe. Hii inatoboa kopo mita mia nne."

"Kopo! Tangu lini nyati akawa kopo? Ikiingia vumbi hiyo, utampiga nyati na nini? Na darubini?"

Bosi Anyitike alikuwa ametoka ofisini Kizota kuja kuamua: kampuni yao ya uwindaji inunue hizi mpya zenye shabaha kali, au iendelee na zile kongwe, ngumu. Mpya zikinunuliwa, Optatus ndiye atakayekuwa mpigaji mkuu, na Thomas atapelekwa kufungulia wageni geti. Yeye, Thomas, afungue geti! Thubutu!

Lakini Optatus hakumkera kama yule mwanamke. Evodia, mtunza ghala la silaha, alisimama pembeni na funguo zake kiunoni. Tangu wamzike mumewe, Fredy, hakuwahi kumjibu Thomas hata salamu. Leo, lo, ulimi ulimtoka.

"Ni ngumu, sawa. Hata jiwe ni gumu," alisema. "Lakini inapiga kombo, bosi. Si ndiyo iliyomuua mume wangu?"

Watu waliinamisha vichwa. Mwaka jana Thomas na Fredy walifuata nyati aliyejeruhiwa, wao wawili tu, na risasi ya Thomas ikampata Fredy. Bunduki ilikuwa imeanguka kutoka kwenye gari asubuhi ile, Thomas alieleza, ndiyo maana ikaenda kombo. Ikaandikwa ajali. Evodia mwenyewe akaifungia ghalani, na haikutoka hadi leo.

Thomas hakuipenda habari hiyo, tena mbele ya Optatus. "Wewe mama, unajua nini kuhusu bunduki?"

"Najua hiyo imepinda. Aitwe fundi aitengeneze kwanza, tusije tukaua mwingine."

"Fundi!" Damu ilimpanda kichwani. "Hii haijawahi kuguswa na fundi! Ianguke, izame kwenye tope, haipindi hata unywele!"

"Maneno matupu hayavunji mfupa," alisema Evodia. "Bosi, nunua mpya twende zetu."

Mungu wangu, dharau gani hii! Thomas alijilaza kifudifudi palepale, vumbi likimwingia machoni, akapiga risasi tatu mfululizo.

Anyitike aliitazama shabaha kwa darubini, akafuta kioo, akatazama tena. "Zote tatu katikati," alisema. "Zimegusana."

Optatus alipiga mluzi. Thomas aliinuka akijikung'uta kifua, akicheka kwa sauti. Geti wakafungue wenyewe! "Mmeona? Nani kasema inapiga kombo? Hii ikianguka mara mia, bado itapiga palepale nilipolenga!"

Hakuna aliyecheka naye. Evodia alikuwa analia, lakini sauti yake haikutetemeka.

"Umemsikia kwa kinywa chake, bosi. Sasa muulize, siku ile alimlenga nani."