Vifuko vya Chai kwa Mikono ya Mama

Bushira aliushika mkono wa mama yake kama mtu anayeshika samaki asiyetaka kushikwa, akausugua kwa kifuko cha chai kilicholowa. Alisugua kiganja, akaingia katikati ya vidole, akanusa, akakunja pua, akachukua kifuko kingine.

Beseni lilikuwa limejaa vifuko hivyo. Alivikusanya kwenye mgahawa anaofanyia kazi, karibu na bandari ya Baraka, pale wateja wanapoviacha kando ya vikombe. Wenzake walimcheka weee, mpaka wakachoka. Lakini vilivyokauka vilikuwa vimelala ndani ya viatu vya mama tangu jana, vingine chini ya mito ya viti, na nyumba iliyonuka ndakala miaka yote sasa ilinukia vizuri, hata jirani akapita kuuliza wamenyunyiza nini.

Zainabu, mama yake, aliuza ndakala tangu mumewe afariki, na kwa samaki hao wadogo alimlea Bushira. Leo ndoa inafungwa. Watu wa Useni walikuwa wameshatoka Swima, na Bushira hakutaka hata mmoja wao azibe pua ndani ya nyumba yao.

Useni mwenyewe hakuwa na neno. Ana boti yake, mpole, hajui kupandisha sauti. Bushira alimpenda tangu siku ile alipowabebea mabeseni kutoka ufukweni bila kuombwa. Aliyemtia hofu alikuwa mama. Mama alilia usiku kucha. Asubuhi akaanza kusema ndoa iahirishwe, eti wao wawili hawajawahi kulala nyumba mbalimbali, na tena bamama wa sokoni watasema nini.

Bushira akamjibu kwamba waseme mpaka mate yawakauke. Kisha akamlaza chali, akamwekea vifuko vya baridi juu ya macho yaliyovimba.

"We mutoto, umenigeuza kikombe," akasema Zainabu, akacheka bila kupenda. "Mi niko naogopa, Bushira."

"Hata mi niko naogopa. Lakini furaha hii usiiharibu, Mama. Nakuomba."

Nje pikipiki zikanguruma, vigelegele vikapokelewa nyumba kwa nyumba. Wageni wamefika. Bushira alimfuta mama uso haraka haraka, wakajitanda mitandio mipya, wakaketi kitandani wakiwa wameshikana mikono. Neno moja tu lilikuwa limebaki, na bila neno hilo watu wa Swima wangerudi kwao mikono mitupu.

Mjomba Nuhu, kaka yake Zainabu, akaja na mashahidi wawili, akasimama nje ya pazia la chumba. Akauliza kama bibi arusi amekubali kuolewa na Useni.

Kimya. Bushira aliinamisha kichwa.

Mjomba akauliza tena. Kimya kile kile. Huko sebuleni hata watoto walikuwa wametulia.

Mjomba akakohoa.

"Kimya ni jibu ya musichana," akasema. "Mujane anapashwa kusema na kinywa yake."

Bushira akamgusa mwenzake kwa kiwiko.

"Nimekubali," akasema Zainabu.