Mshipa wa Bibi wa Kitanda cha Nne

Nesi mpya alichoma mara ya kwanza, akakosa mshipa. Akachoma mara ya pili, bibi wa kitanda cha nne akauma meno.

Dada wa nesi huyo, mfagizi wa wodi ile kwa miaka minane, aliegemea mpini wa deki akitazama. Lile gauni jeupe la mdogo wake alilipiga pasi yeye mwenyewe alfajiri, roho ikimuuma kwa kila mkunjo ulionyooka. Fomu za chuo cha uuguzi walijaza pamoja, meza moja, kalamu moja. Likatoka jina la mdogo peke yake.

Na leo, pale getini, mdogo mtu kamwambia, "Huko ndani usiniite mdogo wangu. Niite nesi."

Mshipa wa bibi, dada mtu aliujua: mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba, ukiupasha kwanza kwa kitambaa cha maji moto. Manesi wangapi amewaonyesha!

Nesi alishika sindano ya tatu, asijue pa kuchoma. Jasho lilimtiririka nesi hadi kwenye kola iliyonyooshwa vizuri.

"Dada," akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Dada, nisaidie."

Dada mtu akachovya deki kwenye ndoo, akaikamua taratibu.

"Abee, nesi?"