Miguu ya Babu

Kabla ya alfajiri, kata iligonga ukingo wa ndoo. Rukia, msichana wa kidato cha kwanza, alikuwa akimmiminia babu yake maji ya kutawadha. Katika somo la afya, Mwalimu Fausta alikuwa amewaambia kuwa kila mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani ampapase nyayo kila siku, kwa maana ugonjwa huo huua hisia za miguu. Babu alilicheka somo hilo.

"Siku hizi watoto wanakwenda shule kusomea miguu!"

Hata hivyo aliuacha mguu wake mikononi mwa mjukuu. Chini ya kidole gumba, Rukia akagusa kipande cha chupa kilichozama nyamani.

"Babu, hukusikia?"

"Kusikia nini?"

Kulipopambazuka, Rukia alirudi na mwalimu. Mwalimu alimwamkia Babu, akapiga magoti sakafuni, akaushika mguu ule wenye vumbi na damu kama anayepokea mtoto mchanga. Akaufunga taratibu kwa kitambaa safi.

"Hospitali siendi," Babu alisema. "Wataukata."

"Wengi wanaokatwa ni waliochelewa, mzee wangu. Wewe mjukuu wako amekuwahi. Mimi nilisema tu darasani, kazi ameifanya yeye."

Babu alimnyooshea Rukia mkono amsaidie kuinuka, waende hospitali. 

Mlangoni aligeuka.

"Mwalimu, kesho uje tena, mwanangu. Mzee Shali wa nyumba ya pili naye ana sukari. Ila yule ni mbishi kupita kiasi."