Mkanda wa Shingoni

Siku hizi kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo huvaa mkanda shingoni, nao humsaidia kumeza au kuzungumza, si vyote kwa pamoja. Kuvaa miwili ni marufuku.

Tunu alikuwa akimsimulia mama yake, Salha, habari za paka aliyepanda ukutani. Uji ulikuwa unapoa.

“Tule kwanza, mwanangu.”

“Nimeshiba, mama.”

Tangu jana hakuwa ametia kitu kinywani, na gauni lilikuwa linampwaya. Salha akabonyeza kitufe cha mkanda shingoni mwa Tunu, uhamie kwenye kumeza. Sauti ikakatika, paka angali juu ya ukuta.

Tunu akameza vizuri, machozi yakimtoka. Kila baada ya kijiko, midomo yake iliendelea na hadithi. Salha akawa anachota tu, macho kwenye bakuli, asije akaelewa midomo inasema nini.