Maswali ya Mama Zipporah

Kwa miaka minne Mheshimiwa Dzombo hakufungua kinywa Bungeni ila kwa kupiga miayo. Watu wake wa huko bara ya Malindi wakambandika jina la Bubu. Waliompenda walijitetea kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hao walikuwa wa kuhesabika, na mwaka wa uchaguzi ndio huo unabisha hodi. Akishindwa, hana shamba la maana wala kazi nyingine aijuayo.

Basi siku Mama Zipporah alipoingia ofisini kwake na daftari kwapani, Dzombo alidhani kaja kuomba karo kama wengine wote. Kumbe wapi! Mama huyu mtu mzima, mwenye kiduka chake kule Muyeye na kilemba cheupe cha kanisani, alikuja kutoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea maswali ya kumuuliza Waziri."

Yalikuwa kumi na moja, kwa mwandiko wa kupendeza, yote ya usalama. Kituo cha polisi cha Kwa Nzai, mbele ya Marafa, kijijini kwake Mheshimiwa mwenyewe, kina askari wangapi? Gari lipo? Magurudumu je? Simu inafanya kazi? Doria wanapiga siku zipi?

"Mama, yote haya ya nini?"

"Nina vijana watatu, mwanangu, na kazi zao ni za usiku. Wanatembea gizani, Kwa Nzai na kwingineko. Moyo wangu hautulii mpaka nijue polisi wako wapi."

Dzombo nusura alie. Huyu ndiye mzazi, alijiambia, si wale wa kuja kuomba nauli.

"Waziri atakuzungusha," Mama Zipporah akamwonya. "Usikubali. Mbane akupe idadi. Na mkeo nenda naye, akuone kwa macho yake unavyonguruma. Nyumba haikimbii."

Kahonzi, mkewe, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alifunga madirisha ya nyumba yao pale Kwa Nzai, akafunika redio kubwa ya sebuleni kwa kitambaa alichokitarizi kwa mkono wake: jogoo mwekundu wa miguu mitatu. Dzombo alikuwa hachoki kumcheka kwa jogoo yule.

"Huo wa tatu ni wa akiba," Kahonzi alimjibu kama kawaida yake, akatia kufuli mlangoni.

Jumatano, Dzombo alisimama Bungeni. Spika alivaa miwani kuhakikisha ni yeye. Waziri, bila hata kumtazama, akasema serikali inaliangalia jambo hilo kwa makini, akaketi.

Siku nyingine yangeishia hapo. Lakini Dzombo aliliona daftari mkononi, akamkumbuka mama wa watu na wanawe gizani, uchungu ukampanda.

"Bwana Spika, sikuuliza serikali inaangalia nini. Nimeuliza askari wangapi!"

Lo! Bunge likavuma. Wabunge waliokuwa wamesinzia wakazinduka na kupiga meza. Waziri akapekua makaratasi, akafuta jasho, mwisho akasalimu amri na kusoma faili kama lilivyo. Askari ni wawili. Mmoja yuko likizo, mwingine anaumwa mgongo. Gari lipo, juu ya matofali, tangu magurudumu yapelekwe kuzibwa mwaka juzi. Ndani ya simu wameingia nyuki, hakuna athubutuye kuishika. Doria hupigwa Jumatatu, kwa baiskeli, iwapo mwenye baiskeli haendi sokoni.

"Na siku zilizobaki?" Dzombo alinguruma.

"Siku zilizobaki, Mheshimiwa, amani imetawala."

Jioni ile redio ilitangaza yote, na Alhamisi yakatoka gazetini. Bubu sasa akawa Simba. Mpaka Jumamosi ya pili yake alikuwa bado Nairobi akipewa mikono ya pongezi, na Kahonzi akijaribu viatu.

Waliporudi, kila walipopita watu walipungia gari. Walipofika Malindi, Kahonzi alitaka wapitilize nyumbani akapumzishe miguu. Dzombo akakataa katakata. Kwanza Muyeye, akatoe shukrani. Mtovu wa shukrani ni mtu gani?

Mama Zipporah aliwapokea kwa vigelegele, akarudishiwa na daftari lake. Aliwakaribisha chumba cha nyuma ya duka, akawamiminia chai, akaomba radhi kwamba vijana hawawezi kuja kusalimu. Wamelala fofofo, maskini, kazi ya wiki hii ilikuwa nzito.

"Lakini tulikusikia, mwanangu! Hukubakisha hata swali moja!"

Habari zikaenea mtaani kuwa Simba yuko kwa Mama Zipporah. Watu wakaanza kukusanyika mlangoni, wakipiga makofi na kuimba. Dzombo aliwasikiliza, akajua kura ameshazipata. Hakuwa amewahi kufurahi hivyo tangu azaliwe.

"Hebu ngojeni," mama alisema, "saa ya habari hii, huenda wakakutaja tena." Akavuta redio kubwa iliyokuwa pembeni, akaifunua kitambaa na kumpa Kahonzi amshikie.

Kahonzi alikikunjua mapajani. Dzombo alimwona akipitisha kidole polepole juu ya miguu ya jogoo: mmoja, wa pili, wa tatu.

Mama Zipporah alikuwa ameshamfungulia ukurasa mpya wa daftari. "Sasa tuje Magarini, Mheshimiwa. Huko nako askari ni wangapi?"

Nje walikuwa wakiimba, "Simba! Simba!" Dzombo akachomoa kalamu mfukoni, akaliandika swali.