Dole la Mzee Alute

Sostenes alikandamiza dole gumba lake kwenye kidau cha wino wa muhuri, akalibandika kwenye fomu mbele ya jina la Mzee Alute, akalivingirisha kidogo kushoto, kidogo kulia. Alama ikatoka safi, mistari yote inahesabika. Akaipuliza mpaka ikakauka.

"Kwisha kazi," alijiambia, akafuta dole kwa mate.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kituo kimoja cha utafiti wa mbegu, Singida mjini, kilichukua vijana wawili kutoka chuoni, Sostenes na Selina, wajifunze mambo ya mawasiliano kwa miezi sita: waende vijijini, wawasikilize wakulima, waandike habari zao. Miezi ikiisha, mmoja angeajiriwa. Sostenes alikuwa ameshawatangazia wenzake wa chuo kuwa ni yeye.

Mkuu wao, Mama Redempta, alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila asubuhi kama sala: ukishaandika habari ya mtu, unarudi kwake, unamsomea yote, akiridhika anasaini au anaweka dole. Bila fomu hiyo, hakichapwi kitu.

Sheria ya watu wasio na kazi, aliona Sostenes. Apande pikipiki tena mpaka Mtinko, ale vumbi tena, akamsomee nani? Mzee asiyejua hata a?

Selina yeye alikuwa anarudi kwa wakulima wake. Fomu zake zilikuja zimekunjamana, madole yamechanganyika na udongo na samadi.

"Kwa Mzee Alute umeshaenda kumsomea?" alimwuliza Sostenes siku moja.

"Nimeenda."

"Lini? Si ulishinda hapa jana na juzi unachezea simu?"

"Dada, wewe wasomee mbuzi wako, wangu niachie mwenyewe."

Kwa Mzee Alute alikuwa amekwenda mara moja tu, mwezi wa sita, upepo unakata masikio. Alimkuta mzee amekaa nje kwenye kigoda, amejizika ndani ya koti kuukuu, kubwa, mikono ya koti imening'inia mpaka magotini. Sostenes akatupa shikamoo, akanyoosha mkono. Marahaba akaipata. Mkono wake haukupokelewa.

Mke wa mzee, Bibi Martha, akaleta uji. Akamshikia mumewe bakuli mdomoni, mzee akanywa taratibu mpaka uji ukaisha. Sostenes akacheka moyoni. Mwanamume mzima ananyweshwa kama ndama! Halafu watu wanauliza kwa nini vijiji ni maskini.

Akamtaka ashike kichwa cha alizeti apigwe picha.

"Atashika mama," mzee alisema. "Mimi nitasimama pembeni."

Uvivu mpaka kwenye picha.

"Unajua, kijana," mzee akaanza, "mimi zamani nilikuwa Sekenke, kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu wa baruti. Sasa siku moja..."

"Babu, tuongelee alizeti. Mambo ya dhahabu hayakunileta."

Mzee akajivuta ndani ya koti. "Haya. Andika. Mbegu mlizotuletea zimeota nusu. Na hiyo nusu nayo ni fupi, mbuzi anakula kichwa bila kunyoosha shingo."

Sostenes hakuandika hayo. Aliandika kwamba Mzee Alute alisema, machozi yakimlengalenga, "Mbegu hii imenitoa gizani." Akayasoma mara tatu, akajipenda.

Na habari ikapendwa. Siku ya wageni, mkurugenzi mwenyewe alikuja, bango likatundikwa ukumbini, wakulima wakaletwa kwa gari la kituo. Mzee Alute na koti lake akakalishwa mstari wa mbele, Bibi Martha ubavuni. Ajira ingetangazwa hapo hapo, baada ya chai. Mama Redempta akaisoma habari yote kwa sauti, mpaka lile giza.

Ukumbi ukapiga makofi. Mzee Alute hakupiga.

"Maneno mazuri sana hayo," alisema kelele zilipotulia. "Ya nani?"

Watu wakacheka. Mama Redempta hakucheka. "Si yako, mzee wangu?"

"Yangu ni yale ya mbuzi."

Selina akainamisha kichwa. Mkurugenzi akageuka, akamtafuta Sostenes kwa macho. Lakini Sostenes alikuwa amejiandaa. Neno la mzee wa Mtinko na karatasi ya ofisi, kipi kina uzito? Akainuka, akaivuta fomu kwenye faili, akaipandisha juu watu wote waione. Usoni alikuwa na lile tabasamu la mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Mheshimiwa mkurugenzi, wazee wetu umri umekwenda, wanasahau. Tusiwalaumu. Nilimsomea neno kwa neno, mchana kweupe, akatikisa kichwa kukubali. Dole lake hili hapa. Aliliweka mwenyewe, mimi nikiwa nimemshikia kidau."

"Una uhakika?" aliuliza Mama Redempta.

"Kwa macho yangu haya mawili, mama."

Akashuka na fomu mpaka mstari wa mbele, akaisogeza karibu na pua ya mzee.

Mzee Alute aliitazama ile alama jinsi mtu anavyotazama picha ya ndugu aliyezikwa miaka mingi.

"Martha," alisema, "hebu nikunjie koti."

Bibi Martha akakunja mkono wa koti wa kulia, akakunja na wa kushoto, polepole, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka pale kwenye vifundo ambapo mikono ya Mzee Alute iliishia, yote miwili, butu kama visigino.